Habari Zikifika Kaunta

Nina saiba hapa Kakamega mjini, upande wa barabara ya Mumias. Kompyuta chache, mashine ya fotokopi yenye kelele, na benchi la mbao ambalo wateja hulikalia hata wakiwa hawana shughuli yoyote. Kazi hii imenizoesha kusoma habari kwa namna ambayo mume wangu anaiita ya kichoyo. Yeye akiona kichwa cha habari huanza kukasirika au kucheka. Mimi hujiuliza kwanza: hii itataka karatasi gani? Maana kuna habari za kusoma na kusahau, na kuna zile ambazo siku mbili baadaye huingia dukani kwa miguu, kitambulisho mkononi, zikiuliza kama netiweki iko.

Siasa nyingi haitaki karatasi. Nani kamrushia nani maneno kwenye mazishi ya Jumamosi, nani kahama chama, nani anasema 2027 ni yake: hayo husomwa benchini kwa sauti, yanabishaniwa mpaka chai ipoe, basi. Bei ya mafuta vilevile. Tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, wakitangaza, vijana wa bodaboda walioegesha nje hupandisha nauli kabla msomaji hajafika kwenye mafuta ya taa. Bei ikishuka shilingi moja, hakuna anayeisoma. (Mimi huisoma. Nina jenereta.)

Habari iliyonijazia duka kuliko zote ni ya bima ya afya. NHIF ilipoondoka na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, niliyokuwa nikisoma kwenye simu ni mabishano ya mfumo, kandarasi, na asilimia 2.75 ya mshahara. Kwenye benchi langu hakuna mwenye mshahara. Waliokuja ni mama wa mboga, walinzi wa usiku, wazee wenye robo ekari ya miwa, na kilichowatesa ni maswali. Mtu asiye na hati ya mshahara hukadiriwa uwezo wake kwa kuulizwa anaishije. Ukuta wa nyumba ni wa nini? Paa je? Choo ni cha aina gani? Una mifugo?

Sasa fikiria anayeuliza ni mimi, kwa sauti, mashine ikinguruma, na jirani zake wako kwenye foleni. Nilimwuliza mama mmoja kuhusu choo, benchi zima likanyamaza kusubiri jibu. Mzee mwingine alisema paa lake ni la nyasi, na mtu fulani nyuma yake akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Mwishowe nikawa nageuza skrini, mtu anasoma mwenyewe na kunionyesha kwa kidole. Asiyejua kusoma nilimvutia kiti ndani ya kaunta, tukanong'onezana kama watu wanaopanga harusi ya siri.

Halafu ile 300. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na hivyo ndivyo kila kichwa cha habari kilivyosema. Ila asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600. Gazeti likasema 300, redio ikasema 300, benchi likasikia 300. Aliyelazimika kutamka 3,600 ni mimi, na aliyetazamwa kama mwizi ni mimi. Tangu hapo nikiona kiasi chochote cha pesa kwenye kichwa cha habari, mimi huteremka chini kabisa ya taarifa kutafuta neno "kila". Kila mwezi, kila mwaka, kila mtu, kila kaya. Mara nyingi liko aya ya tisa.

Jambo jingine ambalo kaunta imenipa ni jicho la herufi. Zile kadi zinazosambaa WhatsApp zikiwa na nembo ya chombo cha habari na picha ya mwanasiasa, pamoja na maneno ambayo inadaiwa ameyasema, watu wengi huzipima kwa kuangalia kama maneno yenyewe yanamfaa huyo mtu. Hiyo ni njia mbovu. Anayeghushi anamjua mwanasiasa huyo vizuri kama sisi, na atamwandikia kile tunachotarajia aseme. Mimi huangalia herufi. Chombo kikubwa hakibadilishi aina ya maandishi Jumanne halafu kikairudisha Jumatano. Angalia nafasi kati ya mistari. Angalia kama sehemu ya maneno ina weupe tofauti na kadi nyingine, maana hapo ndipo pa zamani palifutwa pakaandikwa upya. Angalia tarehe. Wanaoghushi ni wavivu wa tarehe.

Kwa barua ni hivyo hivyo. Miaka nenda miaka rudi tunasoma habari za vijana waliofika lango la chuo cha makurutu kule Eldoret wakiwa na barua bandia za jeshi, wazazi wameuza ng'ombe au kukodisha shamba. Wanaotoa maoni chini huwa wakali sana: wajinga, wamejitakia, rushwa imewarudi. Mimi nimeziona barua hizo kabla hazijapanda gari. Mama huja nayo imekunjwa ndani ya Biblia, anataka nakala tatu na moja aiweke nailoni. Muhuri umefifia kwa sababu ulipigwa picha kwenye skrini, sahihi ina ukungu mraba mraba, na maneno ya juu yamekaa upande. Mmoja nilimwambia, "Mama, hii usiilipie nailoni. Ipeleke polisi uwaulize kwanza." Akaniuliza kama nina kijana jeshini. Nikasema sina. Akasema ndiyo maana. Akaenda duka la pili, wakamtolea nakala, na mimi nikabaki na shilingi zangu na ukweli wangu.

Hiyo hasara ya kutoaminiana niliiona wazi asubuhi ya Jumatano, Oktoba 15, 2025. Kijana aliingia akasema Baba, yaani mwanasiasa Raila Odinga, amefariki India. Alifukuzwa, nakuambia, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Raila alikuwa ameshauawa mtandaoni mara nyingi, na wiki hizo hizo uvumi wa kuugua kwake ulikuwa umesambaa na kukanushwa. Kila mtu akatoa simu kutafuta kasoro. Nami nikatafuta yangu, kwenye herufi. Hazikuwa na kasoro. Hakuna aliyesema neno mpaka mzee mmoja, ambaye kwa miaka sijamsikia akimsifu Raila hata siku moja, akaniambia nimtolee picha yake, kubwa, ya rangi. Nilitoa picha hiyo hadi wino mweusi ukaisha mchana. Jumamosi baadhi ya wateja wangu waliamka usiku kwenda uwanja wa Mamboleo, Kisumu, kuuaga mwili, na Jumapili akazikwa Bondo. Wiki hiyo nilijifunza kwamba watu wanaotukanana kwa siasa wanaweza kutaka picha ile ile.

Furaha, kwa bahati mbaya, haileti kazi. Juni 2025 Faith Kipyegon alikimbia maili moja Paris kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia maili kwa kasi hiyo, lakini kwa kuwa lengo lilikuwa kushuka chini ya dakika 4, vichwa kadhaa vilisema ameshindwa. Benchi zima lilikasirika kwa niaba yake, hata wale ambao hawajakimbia tangu shule ya msingi. Siku tisa baadaye akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Eugene. Hakuna aliyechapisha chochote. Tulishangilia tu.

Sasa dhahabu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Mwishoni mwa 2025 kila simu hapa ilikuwa na takwimu moja: shilingi bilioni 683. Ndiyo thamani iliyotajwa ya dhahabu ambayo kampuni ya Shanta Gold inataka kuichimba Isulu na Bushiangala, kule Ikolomani, humu humu kaunti ya Kakamega, wakia kama milioni 1.27. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo nilipiga hesabu tukiwa pale pale: inakaribia tani 40. Benchi halikutaka tani. Lilitaka kugawa. Kaunti hii ilikuwa na watu milioni 1.87 kwenye sensa ya 2019, na mtu mmoja akatangaza kwamba kila mmoja wetu, hata mtoto wa jana, anadai shilingi 365,000. Kijana mmoja alikuwa ameshachagua rangi ya pikipiki.

Nikafanya ile kazi yangu ya kuteremka chini ya taarifa. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha, yaani sehemu ya mauzo ya madini ambayo kampuni hulipa, hugawanywa hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii iliyo mahali pa mgodi. Watu wakasoma "asilimia 10 ya jamii" wakaanza upya kugawa bilioni 68. Lakini mrabaha wenyewe ni kipande kidogo tu cha mauzo. Jamii inapata sehemu ya kumi ya hicho kipande. Nilipolieleza hilo, yule wa pikipiki aliniambia mimi ni mtu wa kuharibu hadithi, na hakukosea sana.

Kilichonishangaza zaidi ni waandishi na wachangiaji wa mbali waliouliza mbona watu wa Ikolomani hawashangilii. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huja kwangu kuchapisha tasnifu zao, na mashine ikiwa inatoa kurasa mia mbili mimi sina la kufanya ila kusoma. Ndiyo elimu yangu ya juu, na ni nzuri. Hapo ndipo nilipokutana na habari hii: mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya akiba ya Waafrika ikitwaliwa, wenyewe watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega, wazungu wakamiminika na mahema yao. Kabla 1932 haijaisha, sheria ilikuwa imerekebishwa ili kwa ajili ya migodi fidia iwe pesa, bila ardhi. Ahadi haikudumu hata miaka mitatu. Rosterman, ambapo leo watu hutafuta nyumba za kupanga, palikuwa na mgodi uliochimbwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo mzee wa Isulu akiambiwa kuna dhahabu chini ya migomba yake, hiyo kwake si habari mpya. Anajua hata sura ya pili.

Desemba hiyo ya 2025 kikao cha kukusanya maoni ya umma kuhusu mgodi huo kiliishia kwenye vurugu, na watu wakapoteza maisha. Nilisoma taarifa hizo duka likiwa limefungwa nusu. Sikuwa na la kusema, na sina hadi leo, ila kwamba maoni mengi niliyoyasoma chini yake yaliandikwa na watu ambao wangeshindwa kuonyesha Bushiangala ilipo.

Kisha habari ikaingia kwa miguu. Hakuna aliyekuja kuuliza bilioni. Walikuja na hatimiliki, ngumu, zimekauka, nyingine zimeliwa na panya pembeni, na kila moja ina jina la mtu aliyekufa. La babu. La baba yake babu. Shamba limegawanywa kwa mdomo mara tatu, kila kijana anajua mpaka wake ni mti upi, lakini karatasi inasema mwenye shamba ni marehemu mmoja tu. Mkizungumza fidia, kampuni yoyote na serikali yoyote itauliza jina lililo kwenye karatasi. Hapo ndipo undugu unapoanza kunung'unika. Nimeona ndugu wawili wakiniomba kila mmoja nakala yake ya hatimiliki ile ile, wakiwa wamesimama pande mbili za kaunta bila kuangaliana.

Na kuna wasiokuja kabisa. Kina mama wanaoponda mawe na kuosha mchanga kwa zebaki kwa mikono mitupu hawana hatimiliki, wengi hawana hata kibali. Hakuna karatasi ya kunakili. Kwenye taarifa nilizosoma wametajwa kwa jumla tu, "wachimbaji wadogo", na mistari miwili baadaye tumerudi kwenye bilioni.

Kwa wale wenye shamba lililo na jina la marehemu, maana mmeniuliza sana na nimechoka kurudia: anzeni kwa kufanya utafutaji rasmi wa hatimiliki, muone limesajiliwa kwa nani hasa. Tafuteni cheti cha kifo, hata kama babu alifariki zamani. Chifu awaandikie barua yenye majina ya warithi wote, na nikisema wote ni pamoja na binti walioolewa, msiwaruke kisha mkashangaa wakija kupinga. Ndipo mnaenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali, mwenye pingamizi ana siku 30, na hati ya usimamizi kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita. Huo ni muda mrefu kuliko hasira ya mtandaoni, kwa hiyo anzeni sasa.

Fomu ninazo, fotokopi ni shilingi tano. Ila msije Alhamisi na Ijumaa. Siku hizo mashine ni ya programu za mazishi.