Betri Zilipoisha Nguvu

Mwaka 1987 pale Mwanga, Kigoma, sikuwa na mtu wa kunifundisha dramu. Bendi zilizopita mjini zilipiga usiku, kwenye kumbi ambazo mtoto wa darasa la saba haingii. Nilichokijua kuhusu dramu kilitoka kwenye kaseti moja ya Zaiko Langa Langa, bendi ya Kinshasa, ambayo kaka yangu aliipata kwa mabaharia waliovuka ziwa kutoka Zaire.

Seti yangu niliiunda mwenyewe uani. Nilikalia debe tupu la mawese na kulipiga kwa kisigino; hiyo ndiyo ilikuwa ngoma ya mguu. Ndoo ya plastiki niliipindua katikati ya magoti. Mfuniko wa sufuria uliochakaa niliuning'iniza kwenye tawi la mwembe. Vijiti nilichonga kwa mti wa mpera, kwa kuwa miti mingine yote niliyojaribu ilikatika.

Kilichonishinda ni kavacha, ule mdundo unaokimbia chini ya magitaa wimbo unapoingia kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza ambapo magitaa hutawala. Mapigo matatu yaliyoachana, nafasi, kisha mawili yanayofuatana upesi, halafu inaanza upya kabla hujapumua. Mkono peke yake niliuweza. Nikiongeza mguu tu, mguu uliufuata mkono: fimbo ikigonga ndoo, kisigino nacho kinagonga debe palepale, na mdundo wote unaanguka. Nilishawishika kabisa kwamba kwenye ile kaseti wanapiga watu wawili.

Ikafika jioni moja ya masika. Jua lilikuwa halijaonekana siku kadhaa, na kwetu hilo lilikuwa na maana yake, kwa sababu mawe ya redio tuliyaanika juu ya bati ili yapate nguvu kidogo. Kaka alikuwa bandarini na alikuwa ameniachia redio kaseti. Kuokoa betri, nilirudisha mkanda nyuma kwa kuuzungusha na kalamu. Nikabonyeza. Wimbo ukaanza vizuri, kisha ukaanza kulemewa. Sauti za waimbaji zikawa nzito, gitaa likawa linajikokota. Nilinyoosha mkono nizime.

Sikuzima, kwa sababu niliusikia mguu.

Kwa mara ya kwanza mapigo yalikuwa yameachana vya kutosha kuyaona moja moja. Ngoma ya mguu haikuwa na ufundi wowote: ilitembea sawasawa, hatua kwa hatua, haijali mkono unafanya nini. Pigo la kwanza la fimbo lilikutana na mguu. La pili na la tatu yaliangukia katikati ya hatua, kila moja mahali pake. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nalazimisha vikutane vitu ambavyo uzuri wake ni kupishana!

Nikakaa kwenye debe. Nikaanza na mguu peke yake, mpaka nikausahau. Kisha nikauingiza mkono, taratibu kama redio yenyewe, na ukakaa. Nikasikia kavacha inatoka uani kwetu, kwenye ndoo na debe, nzito na ya polepole, lakini ni yenyewe. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akaanza kutikisa mabega. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko ile.

Redio ilipokata kabisa niliendelea bila redio. Kaka aliporudi nilimsihi, "Kaka, nakuomba usinunue mawe mapya kwanza." Akanishangaa. Mtu anaomba betri mbovu?

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mdundo ule huhusishwa na Meridjo Belobi, mpiga dramu wa Zaiko, na kwamba inasimuliwa ulizaliwa kutokana na mlio wa treni, mwanzoni mwa miaka ya 1970, safari ya kati ya Brazzaville na Pointe-Noire. Mimi naamini. Kundi lile lililoanza Kinshasa mwaka 1969 liliacha tarumbeta na saksafoni, likaipa dramu nafasi ya mbele, na nikilisikiliza hata leo naona walifanya jambo kubwa kwa muziki wa Afrika nzima. Nairobi na Dar es Salaam zote zilicheza kwa mdundo huo.

Nilipokalia dramu halisi mara ya kwanza, mchana kwenye mazoezi ya bendi iliyokuwa ikipita, nilikuta pedali inakanyagwa kwa mbele ya mguu, wala si kupigwa kisigino kwa nyuma. Mguu ukapotea. Mkono haukupotea. Mpiga dramu wao, mzee wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kiti mbele kidogo.

"Mkono huo usiuguse, mwanangu," akasema. "Mguu njoo kesho tuurekebishe."