Lagavulin 16: moshi usikuzubaishe

Kila mtu anayeonja wiski ya Islay, kisiwa cha Scotland, kwa mara ya kwanza anauliza jambo lile lile: ina moshi kiasi gani? Naona swali hilo halitufikishi mbali. Moshi utausikia kabla glasi haijafika puani, hauhitaji mtaalamu. Kinachotaka utulivu ni kile kinachobaki mdomoni moshi ukishapita. Kwa kipimo hicho, katika wiski za kisiwa kile ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kujinunulia walau mara moja kwa mwaka, Lagavulin ya miaka 16 ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

Nimekulia Monduli, sasa naishi Glasgow, na moshi kwenye kinywaji haukuwahi kunishtua. Bibi alikuwa akiandaa kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto cha oloirien, yaani mzeituni pori. Anakiingiza ndani, anakizungusha mpaka moshi ujae, anakung'uta majivu, anafuta, ndipo anamimina maziwa. Yakishaganda yana harufu ya moshi mpaka kwenye pumzi yako. Lakini maziwa yakiwa mabaya, hakuna moshi uliowahi kuyaokoa, na bibi aliyajua kwa funda moja tu. Wiski naihukumu hivyo hivyo.

Islay iko magharibi ya Scotland, upepo haulali na miti ni michache. Walichojaliwa ni piti: mimea ya kinamasi iliyolala ardhini kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Wanaikata vipande mfano wa matofali, wanaikausha, kisha wanaichoma chini ya shayiri iliyoloweshwa mpaka ikachipua. Shayiri ikiwa bado na unyevu, moshi unanata. Moshi huo umebeba fenoli, na hizo fenoli ndizo zinazotoa ile harufu ya jivu, lami na dawa ya vidonda. Viwanda hupima fenoli kwenye kimea, yaani shayiri hiyo iliyochipua na kukaushwa, kwa sehemu katika milioni, na wapenzi wa wiski huzishindanisha namba hizo kama matokeo ya mpira. Ardbeg, wiski nyingine ya Islay, ni karibu 55, Lagavulin karibu 35, basi Ardbeg kashinda. Kashinda nini? Namba ile imepimwa kwenye nafaka, kabla haijasagwa, haijachachushwa, haijakenekwa, yaani kugeuzwa mvuke na kupozwa iwe kinywaji kikali.

Ushahidi mzuri ninaoujua ni wa ndugu wawili wa kisiwa hicho hicho. Lagavulin na Caol Ila wanamilikiwa na kampuni moja, Diageo. Kimea chao kinatoka nyumba moja ya kuchipushia shayiri pale Port Ellen, na kiwango cha moshi kinakaribiana sana. Weka glasi zao mbili mezani uone kama utaamini. Tofauti inaanzia kwenye mitungi ya shaba ya kukenekea. Ya Caol Ila ni mikubwa na haijazwi sana, hivyo mvuke unapanda ukigusana na shaba kwa muda mrefu, sehemu nzito zinadondoka tena chini, na kinachovuka ni chepesi na safi. Ya Lagavulin ina umbo la pea na moto wake ni wa polepole mno: mkeneko wa pili peke yake huchukua zaidi ya saa 9. Halafu kuna uamuzi wa mkenekaji mwenyewe, maana fenoli nzito huchelewa kutoka. Akifunga mapema anaziacha, akisubiri kidogo anazichukua. Namba ya kwenye kimea haikuambii lolote kuhusu mkono huo.

Tukaonje sasa. Shemeji yangu alikuwa kwangu Jumamosi, mtu wa bia, nikamwekea zote mbili. Glasi ziwe za tumbo pana na mdomo mwembamba. Barafu hapana, inaifungia harufu ndani. Rangi usiitolee alama hata moja, kwa sababu sheria ya Scotland inaruhusu rangi ya karameli na Lagavulin 16 imetiwa. Ule wekundu wa shaba unaosifiwa sana si wote wa pipa.

"Shem, mbona hii inanuka hospitali?"

"Weka chini kwanza. Iache ipumue."

Tukapiga stori kama dakika kumi. Akainusa tena, safari hii akiwa ameachama kidogo kama nilivyomwelekeza, pua ikipita juu ya ukingo tu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kuna tende humu." Nilifurahi mno, kwa sababu sikuwa nimemtajia.

Tende zimo kweli, na zabibu kavu, na chai nyeusi iliyochemshwa mpaka ikakaza. Mdomoni inaingia na mafuta, utamu unatangulia, chumvi inafuata ubavuni mwa ulimi, halafu moshi unapanda tena kutokea kooni wakati umeshameza. Hapo ndipo miaka 16 inapojionyesha. Sheria inadai miaka 3 tu ndani ya pipa la mwaloni, na wiski changa ya piti inaweza kuwa na moshi mkali kupita hii. Pipani moshi unapungua taratibu, na karibu asilimia 2 ya kinywaji inapotea hewani kila mwaka. Unalipia kile kilichobaki, na kilichobaki humu kimekaa pamoja vizuri. Utamu hauombi radhi kwa moshi, wala moshi haufichi utamu.

Ina dosari, nami siifichi. Asilimia 43 ya kilevi ni ndogo kwa wiski nzito kama hii. Katikati, baada ya utamu na kabla ya moshi kurudi, kuna mahali inalegea, na ukiongeza maji zaidi ya matone mawili matatu inalegea zaidi. Ardbeg ya miaka 10 ina asilimia 46 na haina ulegevu huo. Wangeifikisha Lagavulin hapo, ningekuwa sina la kusema. Kwangu ni 9 kati ya 10, na hiyo moja iliyokosekana naidai kila ninapofungua chupa.

Caol Ila ya miaka 12 nayo ni 43, lakini haiumizwi nayo kwa sababu haikubeba mzigo. Ndimu, jivu safi, ukavu mzuri mwishoni. Nampa 8. Shemeji alimpa 9 na Lagavulin 8, na sababu yake siwezi kuipuuza: tulikuwa tunakula mbavu za mbuzi nilizochoma kwa mkaa, na kwa maoni yake Lagavulin ilikuwa inagombana na nyama wakati Caol Ila inausafisha mdomo uombe kipande kingine. Mezani namkubalia. Vyombo vikishaondolewa, sikubali, na tulibishana hilo mpaka dada akaja kumkumbusha basi la mwisho.