Nilivyochagua turbo ya mkonga wangu

Mkonga wangu, yaani Land Cruiser, una injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 ambayo haikuja na turbo, ile pampu inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kushindilia hewa kwenye injini. Kwa mizunguko ya Dar sikuwahi kuulalamikia. Shida ilikuwa safari za Iringa na mzigo. Mlima Kitonga nilikuwa naupanda kwa gia ya pili, malori yananipumulia mgongoni. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo injini inayojivutia hewa yenyewe huchoka pale pale inapohitajika.

Gerezani, muuzaji wa kwanza alinitolea turbo la lori. "Bosi, chukua hili, kubwa ndiyo nguvu." Fundi wangu wa Tabata naye akasema tuipe busti (mgandamizo wa hewa unaoongezwa na turbo, hupimwa kwa psi) ya psi 15, gari litaruka.

Sikununua siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikakaa na kalamu.

Hewa ya kawaida ya pwani ina mgandamizo wa psi 14.7 hivi. Ukiongeza psi 7, umeongeza karibu nusu, na hapo ndipo wengi tunapodhani nguvu nayo imepanda nusu. Haipandi hivyo, kwa sababu hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto hutanuka. Nilipiga hesabu ya hewa ya Dar ya nyuzi 32 na turbo ya ubora wa kawaida: inatoka na nyuzi zaidi ya 80. Hewa inayoingia kwenye silinda basi imezidi kwa kama robo tu. Ukiweka intakula, rejeta ya kupoza hewa hiyo, ikaipoza hadi nyuzi 50, ziada inakaribia asilimia 40. Psi ni zile zile 7! Geji ya busti inapima hewa iliyobanana kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye silinda. Nguvu inatokana na uzito wa hewa iliyoingia, pamoja na dizeli ya kuichoma.

Hesabu ya pili ikaliondoa turbo la lori. Mlimani natembea na mizunguko 2,000 kwa dakika. Injini ya lita 4.2 hapo inameza kama lita 4,200 za hewa kwa dakika, maana kila silinda hujaa mara moja katika mizunguko miwili. Moshi wa kiasi hicho hauwezi kulizungusha turbo kubwa vya kutosha. Ningelibeba bure.

Nikatafuta CT26, turbo ambayo Toyota waliifunga kwenye 1HD-T, injini ya lita 4.2 iliyo ndugu wa injini yangu. Ya tatu niliyoshika ndiyo nikaichukua: shafti haikucheza kwenda mbele na nyuma, na upande wa hewa haukuwa na oili.

Psi 15 nilikataa. 1HZ inagandamiza hewa zaidi ya mara 22 hata kabla ya turbo, na kichwa chake cha silinda hakipendi joto. Tulifunga intakula, tukabaki psi 7, fundi akaongeza dizeli kidogo kwenye pampu, na nikasisitiza geji ya joto la eksozi. Hiyo ndiyo naiangalia kuliko ya busti. Ikifika nyuzi 650 naondoa mguu kwenye pedali ya mafuta.

Safari iliyopita Kitonga nilipanda kwa gia ya tatu, mzigo ule ule, geji ya joto ikiwa 590, na moshi mweusi hakuna.