Kubandika Lebo ya Begi Mwenyewe Uwanjani: Kazi ya Kaunta Sasa Ni Yako

Ukiondoka leo Schiphol ya Amsterdam, Heathrow ya London au kwenye viwanja vingi vya Marekani kuelekea nyumbani, unaweza kufika mpaka begi linaingia kwenye mkanda bila kuzungumza na mfanyakazi hata mmoja. Mashine inakuuliza maswali, inapima uzito, inachapa lebo, kisha inakuachia ubandike. Zamani mtu wa kaunta alikuwa anafanya mambo mawili huku mnasalimiana: anaibandika lebo inavyotakiwa, na anakuthibitishia mwisho wa safari, "Dar es Salaam, sivyo?" Mambo hayo mawili mashine haiyafanyi. Usipoyafanya wewe hayafanyiki, na kilo 23 za zawadi za watu zinaweza kulala Ulaya wakati wewe umeshafika Kipawa, uwanjani Dar.

Mashine ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya hatua mbili: kioski chenye skrini kinachapa lebo, unaibandika hapo hapo, halafu unalipeleka begi mahali pa kulikabidhi. Marekani ndivyo ilivyo kwa kawaida, na kwenye kukabidhi kuna mtu anayekagua kitambulisho. Ya pili ni ya hatua moja, kama zile za Schiphol: unalaza begi ndani ya mashine yenyewe, unaskani pasi ya kupandia, linapimwa, lebo inatoka, unabandika, mashine inalisoma na kulichukua. Kwenye aina ya kwanza watu wengi hukosea saa. Kuwa na lebo si kupokelewa. Muda wa mwisho unahesabiwa pale pa kukabidhi, na kwa safari za mabara mara nyingi hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Mashine ikishafunga haibembelezeki.

Kilo zimalizwe nyumbani. Tiketi nyingi za kuja Afrika Mashariki zinahesabu vipande: begi moja au mawili, kila moja kilo 23. Kilo hazichanganywi. Begi la kilo 27 na jingine la 19 jumla yake ni 46, lakini mashine inapima moja moja, na lile la 27 litadaiwa pesa hata kama lenzake ni jepesi. Kuhamisha vitu inawezekana, ila inabidi ughairi, utoe begi, ufungue mbele ya foleni, uanze upya. Mizani ndogo ya kuning'iniza inatosha. Kama huna, panda mizani ya bafuni ukiwa na begi mkononi, kisha toa uzito wako. Lenga kilo 22, maana mizani yako na ya uwanjani hazikubaliani kila mara. Kilo 32 ndio mwisho kwa mashirika karibu yote: juu ya hapo begi halipokelewi hata ukilipa, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158, magurudumu yakihesabiwa. Ukijua utazidisha, nunua nafasi mapema kwenye tovuti ya shirika. Mara nyingi bei ya huko ni nafuu, na mashine kwa kawaida inataka kadi, si noti.

Wakati wa kufunga begi, toa pawabenki na betri zote za akiba uziweke kwenye mkoba wa ndani ya ndege. Kikomo ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Kama pawabenki imeandikwa mAh tu, zidisha kwa volti 3.7 ugawe kwa 1,000: ya 20,000 mAh ni wati-saa 74, inapita. Betri ikionekana kwenye begi la chini baada ya kukabidhi, begi linawekwa kando lifunguliwe, na ndege haisubiri.

Sasa pasipoti. Mashine inasoma mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama nyingi za <<<. Vua jalada, laza ukurasa wa picha ukiangalia kioo, bana kwa kiganja, subiri mpaka skrini ibadilike. Watu huivuta mapema mno. Kwenye pasi ya kupandia majina yakiungana bila nafasi, au MR na MRS ikinata mwishoni mwa jina, hiyo si kasoro. Ndivyo mfumo wa tiketi unavyoandika. Kasoro ni herufi tofauti, au jina la ukoo lililokaa mahali pa jina la kwanza, na hilo haliwezi kurekebishwa kwenye kioski.

Mkenya mwenye uraia pacha, ambao katiba ya 2010 inauruhusu, askani pasipoti ya Kenya anapokwenda Nairobi. Akiskani ya Ulaya, mfumo utataka idhini ya kielektroniki ya kuingia, eTA, ambayo imechukua nafasi ya viza ya Kenya tangu Januari 2024, na usipoiona utamwambia aende kaunta. Mtanzania aliyechukua uraia wa nje anaweza kutakiwa kuonyesha viza ya Tanzania vilevile. Skrini ikisema tafuta msaada, haina maana umekataliwa kusafiri. Maana yake ni kwamba kuna karatasi ambayo lazima mtu aione kwa macho. Usirudie kioski kingine ukidhani hiki ni kibovu. Jibu litakuwa lile lile.

Baada ya hapo yanakuja maswali ya usalama, na hapa wazee wetu wanaorudi baada ya kuwatembelea wajukuu hukwama sana. Skrini inaonyesha picha za gesi, fataki, betri na petroli. Mashine nyingine inauliza: unavyo vitu hivi? Jibu ni hapana. Nyingine inauliza: umesoma na kuelewa kwamba haviruhusiwi? Jibu ni ndiyo. Anayebonyeza ndiyo kila mahali anaweza kujikuta amekiri kubeba petroli, na mashine inasimama. Kama mzazi anasafiri peke yake, mpe mazoezi ya skrini hii kwa picha kwenye simu, au msindikize mpaka kaunta.

Lebo ikitoka, usiivute wakati bado inachapwa. Karatasi ikichanika, barkodi inaharibika. Ni ukanda wa karibu nusu mita wenye gundi, na una sehemu tatu. Sehemu ndefu ndiyo lebo yenyewe. Kuna kibandiko kimoja au zaidi chenye barkodi ndogo. Na kuna kipande cha risiti, ambacho ni chako. Ng'oa risiti kwanza uiweke pamoja na pasipoti. Kama inatoka karatasi tofauti, ichukue kabla hujaondoka.

Pitisha ukanda kwenye mshikio wa juu au wa ubavuni ulioshonewa begi. Usiufunge kwenye mshikio mrefu wa kuvutia, kwa sababu huo hurudishwa ndani na kuikunja lebo, wala kwenye kishikizo cha zipu, ambacho hukatika. Bandua karatasi ya mgongoni pale palipochorwa mshale tu. Kutanisha ncha mbili mgongo kwa mgongo, kingo zikilingana, kisha kandamiza kwa kidole kuanzia mshikioni mpaka mwisho. Kitanzi kiwe na nafasi ya kuzunguka. Barkodi ibaki nje pande zote mbili, bila kukunjika, bila gundi kuifunika. Lebo iliyobanwa sana haigeuki, na ikilaliwa na begi vihisio vya mkandani haviioni. Lebo iliyokunjwa inasomeka nusu. Begi lisilosomeka linatupwa njia ya pembeni, ambako mtu analiskani kwa mkono. Ukiwa na saa tatu za kubadilisha ndege si neno. Ukiwa na dakika 50, linabaki, na kama ndege ya kwenu hairuki kila siku, litabaki zaidi ya usiku mmoja.

Kile kibandiko kidogo kibandike moja kwa moja kwenye ubavu wa begi, mahali pakavu na laini. Lebo kubwa ikichanika njiani, hicho ndicho kitakachosema begi ni la nani. Na vya safari zilizopita vyote viondoke, pamoja na vibandiko vidogo vilivyojificha chini karibu na magurudumu. Kihisio kikiona namba mbili hakijui ifuatwe ipi. Hiki ni chanzo cha kawaida mno cha mabegi kuchelewa, na kinazuilika kwa dakika mbili za kukwangua kwa ukucha.

Kabla hujaliachia, soma lebo. Herufi tatu kubwa ndizo mwisho wa safari ya begi: NBO ni Nairobi, DAR ni Dar es Salaam, JRO Kilimanjaro, ZNZ Zanzibar, MBA Mombasa, EBB Entebbe, KGL Kigali, BJM Bujumbura. Viwanja vya kupitia huandikwa navyo kwa maandishi madogo zaidi, kwa mfano ADD kama mnapita Addis Ababa. Begi linafuata lebo, halifuati tiketi. Kama tiketi yako inaendelea Mwanza lakini lebo inasema DAR, utalichukua Dar na kulikabidhi upya, kwa hiyo usitegemee dakika 70 za kuunganisha. Lebo hufupishwa hivyo pia ukiwa na tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali, ukilala njiani zaidi ya saa 24, au ukibadilisha uwanja ndani ya mji mmoja, kama kutoka Gatwick kwenda Heathrow. Wenye tiketi mbili wawe waangalifu zaidi, kwa sababu kulifuata begi katikati ya safari ni kuingia nchi hiyo, na unaweza kuhitaji viza ambayo hukuipanga.

Chini ya barkodi kuna namba ya tarakimu 10. Tarakimu ya pili mpaka ya nne ni namba ya shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 Ethiopian, 074 KLM. Sita za mwisho ni za begi lako. Kwenye risiti huandikwa kwa ufupi, mathalani KQ, herufi za Kenya Airways, na tarakimu sita. Ni namba ile ile. Piga picha ya risiti, kwa sababu karatasi hizi huchapwa kwa joto na maandishi hufifia, kisha piga picha ya begi zima likiwa na lebo. Mkisafiri familia, hakikisha kila begi limebeba lebo ya mtu wake. Mama akibandika za watoto kiholela, siku ya kudai mnatafuta begi jekundu kwa namba ya begi jeusi.

Mashine ikilikataa begi, sababu huwa ni chache. Mguu wako au toroli limegusa mizani: rudi nyuma ya mstari. Mkanda wa begi unaning'inia: ufunge au uchomeke ndani. Begi limesimama: lilaze, magurudumu yasiweze kubingirika, lebo juu. Mabegi mawili yamewekwa pamoja: weka moja moja. Begi lililozungushiwa nailoni linapita mradi mshikio umeachwa wazi na lebo haijafunikwa. Lakini shangazi kaja, furushi la duara, boksi lililofungwa kamba, televisheni na kigari cha mtoto usipoteze muda navyo. Kamba hunasa kwenye mikanda na vitu vya duara hubingirika, kwa hiyo vinapokelewa na mtu kwenye dirisha la mizigo isiyo ya kawaida, wakati mwingine baada ya kupewa lebo kaunta. Ongeza nusu saa kwa ajili hiyo.

Usiondoke mpaka skrini ikuambie begi limepokelewa. Kuna mashine zinazosubiri ubonyeze thibitisha mara ya mwisho, na begi linakaa pale pale huku mwenyewe ameshaelekea ukaguzi.

Begi lisipofika, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo na risiti, uandikishe ripoti iitwayo PIR. Utapewa kumbukumbu ya herufi tano na tarakimu tano, ikianza na herufi za uwanja na za shirika, kama DARKL kwa Dar na KLM. Kwa kumbukumbu hiyo unafuatilia mtandaoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, begi lililoharibika unalilalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu likabidhiwe kwako. Likipita siku 21 bila kufika, una haki ya kulidai kama lililopotea. Kikomo cha fidia tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa), na hulipwa kwa unachoweza kuthibitisha. Kwa hiyo tunza risiti za nguo, dawa na vitu vya lazima ulivyonunua ukisubiri, na uziambatanishe na namba ya lebo pamoja na ya PIR katika barua moja.