Sema unapona

Leo Alhamisi, na bado namjibu shangazi wa Jumapili. Namjibu nikioga, namjibu nikisubiri gari. Jana nimemjibu kwa sauti ndani ya daladala, dada wa kiti cha pembeni akasogeza pochi yake.

Mvua ya wiki iliyopita ndiyo iliyoniponza. Ilinikuta kituoni, nikaingia ofisini na nguo mbichi, kiyoyozi kikamalizia. Kufika Ijumaa usiku selimundu, ugonjwa wangu wa damu wa kuzaliwa nao, imeshakaa pajani na kiunoni. Posa ya kaka imekwenda Moshi bila mimi, wamekubaliwa. Shangazi akaja Jumapili mchana, moja kwa moja kutoka kanisani, na boksi la juisi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Unajisikiaje?"

"Paja linauma sana."

"Aa-aa! Usiseme linauma. Sema unapona. Maneno huumba."

"Napona, shangazi. Asante."

Hiyo asante ndiyo inayonikaba. Nani alinituma? Akaniambia wapo walio na hali mbaya kuliko yangu na wanacheka, kisha akatoa simu: hebu tabasamu kidogo. Kabla hajaaga nimo kwenye kundi la ukoo, "Shujaa wetu!", mioyo kumi na minne. Nimeikuza ile picha. Meno yote nje, na pale chini mkono wangu wa kushoto umeng'ang'ania shuka mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

Jibu ninalo sasa, limechelewa siku nne. Shangazi, damu haisikilizi. Chembe zako nyekundu huishi kama siku 120, zangu 10 mpaka 20, na zikijikunja kama mundu zinakwama kwenye vimishipa, mfupa unakosa hewa. Mfupa ndio unaolia, imani yangu haina kesi.

Nisingemwambia. Yeye ndiye aliyelala wodini na mdogo wangu ile wiki ya mwisho. Na mdogo wangu alikuwa anasema anapona, mpaka Ijumaa.

Sasa, Jumatatu mtoto wa dada kaniletea jagi la maji, maana mama kamwajiri: kila saa kikombe kimoja, asimame mpaka nimalize. Ana miaka saba. Akasimama, akanitazama nikimeza foliki yangu, kidonge cha kusaidia damu.

"Ma'mdogo, kwani inauma kama nini?"

Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza hivyo. Nikafikiri.

"Unajua mlango wa daladala ukikubana kidole? Sasa kidole ni paja zima, na konda kageukia kule."

"Umempigia kelele?"

"Nani?"

"Konda."

Nikasema sijampigia. Akaweka jagi chini, akavuta pumzi: "KONDA, MLANGO!" Na mimi nikafuata. Tukaita kama mara tano, mama akatoka jikoni na mwiko akidhani kuna mwizi. Nilicheka mpaka kiuno kikanikumbusha kipo. Halikupoa hata kidogo, lile paja, lakini nililala mchana ule, saa mbili nzima.

Kazini nimerudi jana. Wametuhamishia ghorofa ya nne, lifti haijawashwa, haya.

Baba mwenye nyumba katuma ujumbe asubuhi hii: "Habari binti, nina maongezi kidogo." Mwaka jana maongezi kidogo yalikuwa nyongeza ya elfu hamsini kwa mwezi. Sijamjibu. Nimeona ameandika tena, halafu akafuta.