Nilienda kongamano la kujitolea, nimerudi na deni la koleo

Jamani wiki iliyopita nilikuwa kwenye kongamano la mambo ya kujitolea hapa Dar, wameliweka karibu na tarehe 5 Desemba maana ndo siku ya kimataifa ya watu wanaojitolea, Umoja wa Mataifa waliipitisha tangu 1985, kitu ambacho hata mimi nimekuja kukijua kwenye kabrasha nililopewa mlangoni.

Hapo mlangoni kuna fomu ya mahudhurio, jina, namba ya simu, taasisi unayotoka, saini. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa makamo, mtandio begani, kitochi mkononi, kufika kwenye taasisi akakwama. Akanigeukia, "mwanangu, hapa naandika nini?" Nikamuuliza kwani unatokea wapi mama, akasema Mbagala, yeye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nikamwambia andika ofisi ya serikali ya mtaa. Akawaza kidogo, akaandika "nyumbani".

Mada za asubuhi niwe mkweli nilisinzia, projekta yenyewe ilikuwa inazima zima. Nilishtuka walipofika kwenye umuganda wa Rwanda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wote mtaani kufanya kazi za jamii, na asiyetoka anaweza kupigwa faini. Sasa ukiogopa faini hapo umejitolea kweli? Ila na sisi tusijifanye wageni, msaragambo tunaujua, na 2015 Magufuli alivyofuta sherehe za tarehe 9 Desemba tukaambiwa tufanye usafi si tulitoka wote na mafagio.

Moto ukawaka mchana. Kaka mmoja mwalimu akashika maiki akasema ana miaka miwili anafundisha hesabu kwa kujitolea, wazazi ndo wanamchangia nauli, ajira zikitangazwa anaomba na hapati, akauliza, "hivi mimi najitolea au nasubiri?" Makofi ukumbi mzima, meza kuu wanaangaliana tu. Mi nilimwelewa sana, maana siku hizi tunaita kujitolea hata kazi ya kutwa nzima ambayo mtu alitakiwa alipwe, halafu akiulizia posho anaambiwa hana moyo.

Kwenye msosi nikakaa na yule mama. Akanihadithia kipindupindu cha 2015, walivyokuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuelekeza watu wachemshe maji, wengine wanawafungia mlango, wengine wanawaambia nyie si mnalipwa bwana. Nikamuuliza na yeye, mama hizi hela za nauli unazionaje, akacheka, "nazitaka mwanangu, viatu navyo vinaisha". Huku anafunga vipande viwili vya kuku kwenye tishu anaweka kwenye pochi, na kwenye pochi nikaona daftari la kaunta limechakaa, kila nyumba ina mstari wake, mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, choo kipo au hakipo. Slaidi zote za siku ile hakuna hata moja iliyokuwa na taarifa kama za lile daftari.

Tukapeana namba. Juzi kanipigia, mtaro wa kwao umeziba na mvua ndo hizi, Jumamosi wanazibua wako wanne, nije na koleo. Nimeshasema nakuja. Koleo lenyewe sina, kama kuna mtu wa Temeke ana la kuniazima anicheki.