Viti 80 vya msibani

Arosto, yale maumivu ya mwili ukikosa heroini, iliisha kwa dawa. Mtaa ndio ulionitoa jasho.

Nilianza methadoni, dawa ya kunywa ya kuachia heroini, Hospitali ya Temeke mwaka 2016, baada ya miaka tisa ya unga, yaani hiyo heroini. Kila siku, hata Idi, natembea kutoka Mtoni hadi dirishani. Unakunywa kikombe mbele ya muuguzi, kisha anakusemesha ajue umemeza, maana wapo waliobakiza mdomoni wakauze nje. Dozi inashika kama siku moja, na enzi zile hakukuwa na kupewa ya kwenda nayo nyumbani.

Saa tatu nimeshamaliza. Halafu? Wengi hurudi maskani hapo, wala si kwa hamu ya kete ya unga, ni kukosa pa kushinda. Nyumbani shangazi analala na pesa kwenye pindo la kanga. Nikipita kibarazani, kandambili zinaingizwa ndani. Sikuwalaumu. Ndoo ya jirani niliiuza mwenyewe kwa elfu mbili (baadaye nilimnunulia mpya, yenye mfuniko).

Ukatokea msiba. Mjumbe akaniita: "Viti 80 hivi na turubai, mkononi mwako. Kikipungua kimoja nakudai wewe."

Nililala pale siku tatu, navihesabu asubuhi na jioni. Siku ya kuvirudisha, 79. Nikahesabu tena, 79. Nyuma yangu mtu akasema, "Teja ni teja tu." Mjumbe hakumjibu. Akaniambia nikatafute. Nilikikuta bafuni uani: bibi mmoja wa miguu mibovu alikuwa anakikalia akioga, na ikabidi nisubiri amalize.

Tangu hapo kila msiba naitwa. Malipo hakuna, ila wali upo na kutwa inaisha. Mwenye maturubai naye akaniona, akaniweka kibarua cha kupakia.

Niliteleza mara moja, nikatumia unga. Nikaenda kwa mjumbe mwenyewe kabla hajaletewa maneno. Alinyamaza muda, akauliza, "Kesho dozi saa ngapi?" Asubuhi nikamkuta nje ya mlango wetu, kavaa viatu. Tulienda pamoja wiki nzima.

Juzi shangazi kanituma gesi. Niliporudi akapokea chenji akaiweka mezani, akaendelea kuchambua mchele.

"Hesabu kwanza, shangazi."

"Ah, niache, nitachanganya na mawe."